Kuutambua Mkono wa Mchoraji Nyuma ya Barakoa ya Shujaa

Utotoni tuligombania gazeti la katuni la Sani mpaka kurasa zikachanika. Ndumilakuwili tulimjua, Madenge tulimjua, na darasani kwetu alikuwapo mvulana tuliyembandika jina la Lodi Lofa akakua nalo. Lakini ungetuuliza nani anawachora watu hao, tungebaki kutazamana. Kwa mashujaa wa Kimarekani hali ni hiyohiyo. Mtoto wa chekechea anamjua Spider-Man kwa sababu yupo kwenye begi lake, kwenye kandambili zake na kwenye chupa yake ya maji. Steve Ditko, aliyemchora yule jamaa kwa mara ya kwanza ndani ya kurasa za hadithi, huenda hata baba aliyenunua begi hajapata kumsikia.

Mwongozo huu ni wa mtu anayezipenda picha hizo na amechoka kuishia kusema "kali sana". Lengo ni moja tu: ufungue ukurasa, ufunike majina, useme huu ni mkono wa fulani. Shujaa ni mali ya kampuni, leo anachorwa na huyu na kesho na yule. Namna kidole kinavyopinda au kivuli kinavyoangukia shavu, hiyo ni ya mtu.

Utahitaji kitabu kimoja cha katuni (kimoja kweli, si ishirini), penseli, rula, karatasi nyepesi za kufuatishia, na kioo cha kukuzia kama kipo nyumbani.

1. Pata kitabu, kisha uone ukurasa wote

Vitabu vya karatasi kwetu ni vya kutafuta na bei yake inauma. Cha kwanza changu nilikipata kwenye meza ya vitabu vya mitumba pale Posta, Dar es Salaam, kimeshang'oka jalada, kwa bei ya soda mbili. Usipobahatika hivyo, Marvel, kampuni ya Spider-Man, wana programu ya kulipia kwa mwezi yenye maelfu ya matoleo. Asiye na hela aende Digital Comic Museum, tovuti inayohifadhi katuni kongwe za Marekani ambazo hakimiliki yake imekwisha. Kupakua ni bure. Humo mtafute Fletcher Hanks, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1930 na mwanzoni mwa 1940 alichora shujaa aitwaye Stardust. Wahalifu wake hupewa adhabu ambazo hakimu wa kawaida hawezi hata kuziota. Michoro imekakamaa, watu wana shingo nene na vichwa vidogo, lakini ukiiona mara moja hutaichanganya na ya mtu mwingine maishani.

Kama unasomea kwenye simu, programu nyingi hukukatia ukurasa vipandevipande na kukuonyesha kisanduku kimoja kimoja. Zima hiyo kitu. Laza simu, punguza ukubwa, uone ukurasa mzima hata kama maneno hayasomeki. Ukurasa wa katuni ni kama kanga: kuna pindo, kuna mji, kuna jina, na aliyeipanga aliviona vyote kwa pamoja. Ukikata mji peke yake ukaufanya kitambaa cha meza, kanga hukuiona.

2. Andika majina ya waliohusika

Picha moja ya shujaa mara nyingi imepita mikono minne. Kuna anayechora kwa penseli. Kuna anayepitisha wino juu ya penseli hiyo. Kuna mtia rangi, na kuna anayeandika herufi ndani ya viputo vya maneno. Majina yao huwa kwenye ukurasa wa kwanza au wa pili. Matoleo ya zamani huwaruka baadhi yao, hasa mtia rangi. Hapo ingia Grand Comics Database, hifadhidata ya wapenzi wa katuni, uandike namba ya toleo. Nakili majina kwenye daftari. Ni kazi ya dakika mbili, na bila hiyo yote yanayofuata ni kubahatisha.

3. Soma mara ya pili bila maneno

Mara ya kwanza soma hadithi kwa raha zako. Mara ya pili, usisome kiputo hata kimoja. Fuata miili, macho na mikono tu, uone kama kisa bado kinaeleweka.

Hatua hii ina sababu ya kihistoria. Kule Marvel katika miaka ya 1960 mchoraji mara nyingi hakupewa maandishi kamili. Alipewa wazo kwa ufupi, pengine kwa mazungumzo tu, akaenda nyumbani akachora kurasa zote. Mwandishi Stan Lee akaja kujaza maneno baadaye. Kwa hiyo nani ampige nani, nani ageuke, kimya kidumu kwa visanduku vingapi, hayo aliyaamua mwenye penseli. Mchoraji Jack Kirby alipoleta kurasa za kitabu cha Fantastic Four namba 48, toleo la 1966, ndani yake kulikuwa na kiumbe cha rangi ya fedha kilichosimama juu ya ubao kikipasua anga. Lee hakukitarajia. Kirby aliona kwamba jitu kubwa kama Galactus, linalokula sayari, lazima liwe na tarishi wa kulitangulia. Ndivyo Silver Surfer alivyozaliwa, kwenye meza ya kuchorea.

Ukielewa hilo, hutasema tena kwamba mchoraji "amepamba" hadithi.

4. Pima visanduku

Hapa ndipo rula inapohitajika, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo mimi mwenyewe nilipofunguka macho.

Tafuta The Amazing Spider-Man namba 33, toleo la Februari 1966, mchoraji Steve Ditko. Fungua kurasa tano za mwanzo. Spider-Man amelaliwa na mtambo mzito wa chuma katika maficho ya adui yake Doctor Octopus yaliyo chini ya maji. Dari linavuja. Mbele yake, mahali anapopaona ila hapafiki, ipo dawa ya kumwokoa May, mama yake mkubwa aliyemlea, ambaye yuko mahututi. Kisa chenyewe ni hicho tu: kijana, chuma na maji.

Sasa pima. Ukishavuka picha kubwa ya ukurasa wa kwanza, visanduku ni vidogo na vimebanana, na ndani ya vingi mtambo umejaza nafasi kiasi kwamba mwili wa kijana umesukumwa chini kama shuka lililoangukia nyuma ya kitanda. Anajaribu, anashindwa. Anajaribu tena. Kadiri mgongo wake unavyoanza kuinuka, visanduku navyo vinapanuka. Unafika ukurasa wa tano na mipaka yote imekwisha: ukurasa mzima ni picha moja, mtambo uko juu na yeye yuko chini yake, amesimama. Ditko hakukuambia kwamba uzito umepungua. Alikunyima nafasi ya kupumua, kisha akakurudishia.

Jambo la pili katika kurasa hizohizo: barakoa ya Spider-Man inafunika uso wote. Hakuna mdomo wa kukunja wala jicho la kutoa chozi. Mchoraji amejinyima silaha kubwa kuliko zote, basi kila kitu lazima kisemwe na vidole, mabega na shingo. Ziangalie zile shingo. Kuna moja imeinama mpaka unataka kumwambia pole.

Kwenye kitabu chako fanya vivyo hivyo. Pima kisanduku kikubwa kuliko vyote na kidogo kuliko vyote, ujiulize kwa nini kile kimepewa nafasi na hiki kimenyimwa. Ukikuta vyote vinalingana kuanzia mwanzo hadi mwisho, usiharakishe kusema mchoraji ni mvivu. Wapo wanaochagua visanduku sawa makusudi, vitembee kama saa ya ukutani.

5. Tafuta ngumi

Kirby alizaliwa New York mwaka 1917, katika mtaa wa wahamiaji maskini ambako watoto walipigana mitaa kwa mitaa, na hilo linaonekana. Jalada la toleo la kwanza la Captain America, lenye tarehe ya Machi 1941, linamwonyesha shujaa akimtwanga Hitler taya, na wakati huo Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani.

Chukua ukurasa wake wowote wa miaka ya 1960, utafute mkono unaokuja upande wako. Pima ngumi, kisha pima kichwa. Mara nyingi utakuta ngumi imekizidi kichwa ukubwa, na mkono wa kutoka begani hadi kiwikoni umefinywa ukawa kipande kifupi. Kwa vipimo vya daktari hakuna mtu wa hivyo. Kwa jicho, ngumi imeshatoka kwenye karatasi na wewe umeshakwepa. Tazama na ncha za vidole: ni za mraba, kama zimechongwa kwa tupa. Panapokuwa na nguvu za anga au mlipuko, utaona madoa meusi ya mviringo yamerundikana kama mapovu ya uji unaochemka. Wapenzi wa katuni wameyapa madoa hayo jina la Kirby mwenyewe. Ukijua vitu hivi vitatu, ngumi, vidole na mapovu, huwezi kumkosa.

6. Tenganisha penseli na wino

Hatua hii wengi huiruka, nami nilikuwa miongoni mwao. Nilidhani mtia wino anafuatisha tu, kama mtoto anayekolezewa herufi na mwalimu. Sivyo. Penseli ina kijivu nyingi. Wino una nyeusi na nyeupe. Kila kijivu lazima mtu aamue kiwe nini.

Mlinganishe Kirby na Kirby. Katika Fantastic Four tangu 1965 mtia wino wake mkuu alikuwa Joe Sinnott: mistari safi, mizito, inang'aa kama bati jipya. Katika Thor wa miaka hiyohiyo wino ulikuwa mara nyingi wa Vince Colletta: mistari myembamba, ya manyoya, kama picha za kuchonga za vitabu vya kale. Penseli ni ya mtu mmoja, na utadhani ni wachoraji wawili. Colletta alisifika kwa kuwahi tarehe, na alilaumiwa kwa namna alivyowahi: alifuta baadhi ya watu na majengo ya nyuma ili asihangaike nayo. Kuna wanaopenda ule mguso wake kwa hadithi za miungu ya kale. Mimi nawaelewa, lakini bado nawasikitikia wale waliofutwa.

Ukiwa na kioo cha kukuzia, fuata mstari mmoja kutoka unapoanza hadi unapoishia. Ukinenepa na kukonda kwa ulaini, huenda ni brashi. Ukibaki mwembamba na mkavu, huenda ni nibu. Kumbuka pia kwamba unachokiona kimepunguzwa: tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 wachoraji wa Marekani wamekuwa wakitumia karatasi ya inchi 11 kwa 17, na uchapaji huirudisha hadi takriban theluthi mbili. Ule unywele mwembamba kwenye kitabu ulikuwa mstari wa heshima mezani kwake.

7. Ondoa rangi, kisha irudishe

Piga picha ukurasa kwa simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Je, bado unajua jicho liende wapi kwanza? Kama ndiyo, penseli na wino vimefanya kazi yao. Sasa irudishe rangi, uangalie imeongeza nini. Imekwambia ni usiku? Imemtenga adui? Au imepakwa tu?

Katuni za zamani zilichapwa kwa wino wa rangi nne kwenye karatasi duni ya gazeti, na kioo chako kitakuonyesha nukta. Ufinyu huo ulibadilisha hata mashujaa. Hulk wa toleo la kwanza, 1962, alikuwa wa kijivu. Mtambo ukashindwa kuitoa kijivu ileile kila ukurasa, jitu likawa linabadilika rangi kama kinyonga, na toleo la pili akatoka kijani. Kijani hicho kinachouzwa leo kwenye fulana za kila soko kilianzia kwenye shida ya kiwandani.

8. Fuatisha kwa mkono wako

Weka karatasi nyepesi juu ya kisanduku kimoja, ufuatishe. Kisha ondoa kitabu, uchore kilekile kwa kukumbuka. Haitapendeza, na haijalishi. Nilipofuatisha mkono mmoja wa Ditko, ule wenye vidole viwili vya kati vilivyokunjwa kurusha utando, nilijaribu mara sita. Kwa macho ulikuwa mkono tu. Kwa penseli nikagundua kila kidole kina mwelekeo wake na hakuna viwili vinavyokwenda sambamba. Usipitishe nusu saa kwa siku.

9. Shujaa mmoja, mikono mitatu

Baki na Spider-Man. Mchukue wa Ditko: mwembamba, amechuchumaa, viwiko nje kama buibui kweli, na bila barakoa ni kijana wa kawaida unayeweza kumpita kituoni usimwone. Mwaka 1966 Ditko akaondoka, akaingia John Romita, aliyekuwa amechora katuni za mapenzi kwa miaka. Taratibu Peter Parker, yaani Spider-Man akiwa bila barakoa, akapanuka mabega, akapendeza, na wasichana wakawa wanageuka. Kisha ruka hadi 1988, Todd McFarlane: macho ya barakoa yamekuwa makubwa kupita kiasi, viungo vimejikunja mpaka unaogopa vitateguka, na utando umesokotana kama tambi kwenye sahani.

Zipange picha tatu pamoja mezani. Usitafute nani bora. Tafuta kila mmoja alikuwa anajali nini. Ditko alijali upweke, Romita alijali sura, McFarlane alijali msisimko. Hiyo ni hukumu yangu, nawe ukibisha kwa ushahidi wa ukurasa, hapo ndipo raha ilipo.

Ukipenda gizagiza, fanya hivyohivyo kwa Batman. Anza na Neal Adams, aliyeleta kwenye katuni uhalisia alioupata akichorea matangazo ya biashara, kisha David Mazzucchelli wa 1987, anayeweza kumaliza mtaa mzima kwa mistari tisa, huku rangi za Richmond Lewis zikiuweka mtaa huo alfajiri au saa tano usiku.

10. Waangalie wanapotuchora sisi

Msomaji wa Afrika Mashariki ana faida hapa. Storm, shujaa wa kike aliyebuniwa na mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum mwaka 1975, anakutwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya, watu wakimwomba mvua naye akiileta. Kama umbo, ni kazi nzuri mno: nywele nyeupe, joho lililoshikwa hadi viganjani ili akiruka liwe mbawa, mwili uliosimama kama mwenye mamlaka. Kama Kenya, ni ile ya sinema, kijiji na ukame basi. Sema yote mawili. Kumsifu mchoraji kwa joho hakukuzuii kumdai Kenya.

Baada ya hapo mtafute Billy Graham, Mmarekani mweusi aliyeshiriki toleo la kwanza la shujaa Luke Cage mwaka 1972, kisha akachora sehemu kubwa ya hadithi za shujaa Black Panther zilizotoka katika kitabu cha Jungle Action kuanzia mwaka uliofuata. Kurasa zake zimesheheni: misuli, mizizi na maporomoko, na visanduku vinavyokataa kuwa mraba. Anatajwa kidogo kuliko anavyostahili.

11. Lipa deni la jina

Ukituma picha kwenye kundi la WhatsApp, andika nani kachora, nani katia wino, nani katia rangi. Usikate sahihi iliyo pembeni ili picha itoshee. Niliwahi kuchapisha kalenda ya kugawia marafiki kwa picha nilizozipenda, zote bila jina hata moja, na rafiki mmoja akanishukuru kwa "michoro yako". Nilinyamaza, na mpaka leo kalenda ile inaniona.

Kwa watu hawa jina si pambo. Mwandishi Jerry Siegel na mchoraji Joe Shuster walimuuza Superman kwa dola 130 mwaka 1938. Iliwachukua hadi 1975, wakiwa wazee, na baada ya kelele za wenzao akiwemo Neal Adams, kampuni inayommiliki Superman kukubali kuwapa posho ya uzeeni na kurudisha majina yao juu ya shujaa wao. Kirby naye katika miaka ya 1980 ilibidi abishane hadharani ili arudishiwe kurasa alizozichora kwa mkono wake, na alizozipata zilikuwa sehemu ndogo tu ya alizochora.

Kwa wachoraji walio hai, njia ya kuwatendea haki ni nyepesi: wengi huuza michoro au nakala zenye sahihi moja kwa moja kwenye kurasa zao. Na kama mtaani kwako yupo kijana anayechora mashujaa kwenye madaftari, mwagize picha, umlipe, usimwambie "nitakutangaza".

12. Jipime

Baada ya mwezi, mwombe mtu akuchagulie kurasa kumi za wachoraji tofauti na afunike majina. Taja mkono, na utaje sababu: vidole, wino, upana wa visanduku. Sababu ina alama kuliko jina. Mimi mara ya kwanza nilipata mbili kati ya kumi, na Romita nilimwita Ditko mara mbili. Nilikuja kujua baadaye kwamba kurasa zile mbili zilikuwa za 1966, Romita alipokuwa ndiyo kwanza anapokea kazi na anajitahidi kuchora kama Ditko ili wasomaji wasishtuke.